Silabi Tano za Mkono wa Kushoto

Sijawahi kuiona bahari. Nalisema hili mapema ili msomaji wa pwani anicheke mara moja, tumalize. Maji makubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona ni Ziwa Albert, siku tulipoteremka Kasenyi na mama kununua samaki, nami nikarudi na homa. Hata hivyo, kwa karibu mwaka mzima, katika ua wetu wa mtaa wa Lumumba, hapa Bunia, mimi na baba yangu tulikuwa tukitunga mashairi ya kaa, pweza na wanyama wengine wa chumvi. Mistari ilikuwa mitatu, na kila mstari silabi tano. Hatukuzidisha wala kupunguza, kwa sababu baba alikuwa amebaki na mkono mmoja tu unaofanya kazi, na mkono una vidole vitano.

Baba alikuwa mtu wa ng'ombe. Alizaliwa upande wa Irumu, akafuga huko, na vita vilipomaliza zizi akaja mjini na mdomo wake. Mdomo huo ndio uliotulisha. Alikuwa dalali wa ng'ombe mnadani, na nilipokuwa mdogo nilipenda kumsikiliza akimsifu dume aliyekonda mpaka mnunuzi akaanza kuona aibu ya kusitasita. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa, lakini wa baba ulikuwa na misuli.

Kiharusi kilimpata wakati wa amani, na hilo liliniudhi kuliko yote. Mtu alikuwa amekimbia msituni na watoto mgongoni, amelala kwenye mahema, amekula majani, halafu akaangushwa kwenye kiti chake mwenyewe, baada ya sahani ya maharage, siku ambayo hakuna aliyempigia mtu risasi. Ile amani yenyewe, sitaki kuitia chumvi. Ilikuwa amani ya kulala na viatu karibu na kitanda. Magari meupe ya walinda amani yalipita kutwa, shule zilifunguliwa, nyumba zilipigwa rangi, na kila mama alijua furushi lake liko wapi. Lakini tulikuwa tukiishi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, darasa la pili, na nilikuwa na mchumba.

Baba aliporudi kutoka hospitalini, mkono wa kulia ulikuwa umelala, mguu ukiburuta, na maneno yamekwenda. Si yote. Aliweza kusali Baba Yetu tangu mwanzo hadi amina bila kukwama. Aliweza kumtukana mbwa wa jirani, tena kwa ufasaha. Aliweza kuhesabu un, deux, trois, kwa Kifaransa chake cha mnadani. Lakini hakuweza kuomba maji. Angeyatazama, angeinua kidole, kinywa kingefunguka, na kingetoka kitu kingine kabisa, "mlango" au "Jumatano," naye angejisikia akisema Jumatano na macho yangejaa hasira.

Majina yalirudi moja moja. La mama lilirudi kwanza, na mama akaenda kulia nyuma ya jiko. Likaja la mdogo wake, baba mdogo wangu. Likaja la yule mbwa. Langu halikuja. Aliniita "weye." Nilijiambia kwamba ni ugonjwa, kwamba daktari alieleza, kwamba hakuna anayechagua. Nilijiambia hivyo kila siku, na kila siku iliniuma. Alikumbuka jina la mbwa.

Sasa lazima nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo haya mengine yataonekana mchezo tu. Katika ukoo wetu, siku ya mahari, binti hufichwa ndani na mashangazi. Wageni wakishakaribishwa na ng'ombe wakishatajwa, baba husimama mlangoni na kumwita binti yake kwa jina, kwa sauti yake mwenyewe, na hapo tu ndipo binti hutoka. Hakuna mwingine anayemwita, isipokuwa baba amekufa. Na hapo ndipo palipo na uchungu wa mji wetu, kwa sababu baada ya vita wasichana wengi waliitwa na wajomba na baba wadogo. Nilihudhuria sherehe za namna hiyo kwa rafiki zangu. Sauti ya baba mdogo ikisikika, watu wote uani huinamisha macho, na kila mtu huhesabu kimoyomoyo wafu wa kwake. Mimi nilikuwa mmoja wa wachache ambao baba zao walikuwa hai, wamekaa pale pale, na sikuwa tayari kuitwa kama yatima.

Mchumba wangu alikuwa mfanyabiashara Mongbwalu, akiwauzia wachimbaji taa, mabeseni na viatu vya mpira. Familia yake ilihamia kutoka Butembo. Kwao mahari ni mbuzi, lakini walikubali ng'ombe kwa ajili yetu, nao walikuwa wakisubiri barabara itulie na baba apate nafuu. Barabara ilitulia kabla ya baba.

Kule hospitalini kulikuwa na dada mmoja wa mazoezi ya viungo, kine kama tunavyowaita, aliyenionyesha jambo. Alichukua mkono wa kushoto wa baba akaugonga taratibu kwenye goti, kidole kimoja kwa kila silabi, huku akisema kama anayeimba nusu. "Wimbo inapitaka njia ingine mu kichwa," aliniambia. "Mupigishe kila siku. Musimuharakishe." Nilirudi nyumbani nikiwa nimefurahi, nikaanza na vitu vya nyumbani. Ma-ji. Ki-ti. Ma-zi-wa. Ng'o-mbe. Baba alivumilia siku chache, kisha akauvuta mkono wake na kunigeuzia mgongo. Sikumwelewa, nami sina subira. Nilifikiri ni ukaidi. Nilimwambia mama kwamba mumewe ana kichwa kigumu kuliko mwanafunzi wangu wa mwisho, na mama akasema, "Na weye ulikitosha wapi chako, kama si kwake?"

Kitabu kilitoka shuleni. Kulikuwa na sanduku la vitabu vya Kifaransa vilivyoletwa na wahisani, na kimoja kilikuwa cha picha za wanyama wa baharini, kikubwa kama sinia, chenye jalada lililochanika. Wanafunzi wangu walikiogopa kwa ajili ya papa wa ukurasa wa kwanza. Nilikibeba nyumbani nikitaka kukishona. Nilikiweka mezani, nikaenda kuchota maji, na niliporudi nilimkuta baba amekivuta magotini, ameinamia picha ya méduse, yule mnyama laini kama uji wa muhogo aliyening'inia majini na nyuzi zake. Alinitazama. Akainua kidole: nini hii?

Nilimsomea. Mnyama huyu hana ubongo, hana mfupa, hana moyo. Baba alifungua kinywa, nami nikangoja hasira. Haikuja. Aliinua bega lake zima na kulishusha, kama mtu anayesema, basi, na mimi nitamjuaje? Ndipo nilipoelewa. Ng'ombe alikuwa wake. Maji, kiti, maziwa, hivyo vyote alikuwa ameviita maisha yake yote, na kila alipovikosa alikuwa anafukuzwa tena nyumbani kwake. Lakini mnyama huyu hakuna aliyemjua hapa Bunia nzima. Hakuna aibu ya kukosa jina ambalo hukuwahi kuwa nalo. Hapo mbele ya kitabu tulikuwa sawa, mwalimu na mgonjwa, wote washamba.

Nikachukua ardoise, kile kibao cheusi cha watoto wa shule, na chaki. Nikaukamata mkono wake wa kushoto. Sikujua kama naanza shairi. Nilitaka tu sentensi ndogo itakayoenea kwenye vidole.

*Hana mfupa,*
*na moyo hana,*

na hapo nikakwama, kwa sababu sikuwa na mstari wa tatu. Baba akaendelea kugonga goti. Kidole gumba, cha pili, cha tatu. "La-ki-ni," nikasema, nikimsukuma tu. "Lakini..."

"Iko," alisema baba.

Nikahesabu. La-ki-ni-i-ko. Silabi tano. Katika Kiswahili chetu iko hufanya kazi zote, mtu iko, mvua iko, shida iko, na watu wa Tanzania wakitusikia hucheka. Wacheke. Baba yangu alikuwa ametoa neno lililokuwa likitakiwa, mahali pake, kwa wakati wake, kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Nililiandika. Akalisoma, akaligonga tena, akacheka upande mmoja wa uso.

Tangu siku hiyo, kila alasiri baada ya shule, nilikuta kiti chake kimeshatolewa chini ya ukingo wa bati na kitabu kipo magotini. Kazi yetu ilikuwa na utaratibu. Yeye alichagua mnyama. Mimi nilisoma Kifaransa na kukieleza. Kisha tuliitazama picha, mara nyingine mpaka chai ipoe, na mmoja wetu akagonga. Nilikuwa naandika kwa chaki, na mstari ukimchukiza aliufuta kwa mkono wa shati lake. Hakuwa mpole katika kazi hiyo. Alifuta mistari yangu mizuri sana. Niligundua kwamba ninapenda maneno ya kupamba, "maridhawa" na "adhimu," maneno ya mwalimu, na baba aliyafuta kabla sijaiweka chaki chini. Mara ya kwanza nilikasirika nikaondoka. Nilipozunguka nyumba nikatulia, nilirudi, na nilipousoma upya mstari niliona kwamba alikuwa na haki. Silabi tano ni chumba kidogo. Ukiingiza kabati hupati mahali pa kukaa.

Kaa alimpendeza kwa sababu ya mguu wake mwenyewe:

*Miguu mingi,*
*hupita kando,*
*mbele ni wapi.*

Lakini siku ninayoikumbuka kwa furaha kuliko nyingine ni ya nguva. Kitabu kilisema mnyama huyu mnene, mwenye midomo ya kulegea, hula majani chini ya bahari kutwa nzima, na kwa hiyo Wafaransa humwita vache marine. Nilitafsiri bila kufikiri: ng'ombe wa bahari. Baba aliinua kichwa. Alinitazama kama ninayemuuzia mnyama wa wizi. Akautazama tena ule mwili, hauna pembe, hauna kwato, hauna nundu, na kicheko kikamshika tumboni mpaka mama akatoka jikoni na mwiko. Alijaribu kumweleza mama, akashindwa, akaukamata mkono wa mama akaugonga kwa vidole vyake.

"Ng'o-mbe," alisema. "Ya. Ma-ji."

Mama alisimama na mwiko wake. Ng'ombe lilikuwa limetoka, neno ambalo baba alikuwa amelikataa miezi yote, na yeye mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa na haraka ya kufika kwenye utani.

*Ng'ombe ya maji,*
*nani hukama*
*maziwa yake?*

Wiki nzima kila aliyekuja kumjulia hali aliulizwa swali hilo. Mchungaji aliulizwa. Muuza makaa aliulizwa, akajibu kwamba labda Wazungu, na baba akaridhika na jibu.

Kwa hiyo baba mdogo alipokuja kupanga siku ya mahari, nilidhani atafurahi. Baba mdogo ni mtu mwema, nataka hilo lieleweke. Ni mrefu, nadhifu, msemaji wa ukoo katika misiba na harusi, na alimlipia kaka yake hospitali bila kutaja. Aliiona ardoise. Aliona yaliyoandikwa. Aliketi, akaifuta miwani yake, akasema na mimi kwa sauti ya chini, kama vile kaka yake hasikii.

"Mutoto yangu, miye siko nakataza muchezo. Lakini batu bakubwa batakuja. Kaka yangu atafungula kinywa mbele yabo, na itatoka nini? Samaki?"

"Ataniita," nikasema.

"Alishaita jina yako hata siku moja?"

Alijua jibu.

"Basi miye njo nitaita," akasema. "Yeye ataikala pale, na koti yake, na heshima yake. Hakuna mutu atamucheka. Siye tunamulinda."

Aliyasema kwa upendo na ndiyo maana nilitaka kumrushia chai. Kumlinda kaka yake, kwa kumfanya maiti mwenye koti. Lakini baba alikuwa amesikia. Aligonga goti lake, kidole kimoja kimoja, kwa nguvu.

"Miye," alisema. "Ita. Miye."

Baba mdogo akainamisha kichwa. "Sawa, kaka," akasema. Alipokuwa akiondoka alinishika mkono langoni na kuniambia kwamba yeye atasimama karibu tu, ikiwa kutakuwa na lazima. Nilikubali shingo upande.

Kuanzia hapo tuliacha bahari tukafanya kazi ya jina langu. Ni jina la kawaida, silabi chache, vidole vinabaki. Nililiandika kwenye ardoise kwa herufi kubwa. Nililigonga kwenye goti lake, kwenye meza, kwenye kiganja. Aliliona, alilijua, alinionyesha mimi kwa kidole kuthibitisha kwamba ni langu. Kisha kinywa kilifunguka na likatoka jina la mama, au la bibi yake aliyekufa zamani, au "méduse," na hapo tulicheka, mara ya kwanza na ya pili. Baada ya hapo hatukucheka. Siku moja alijaribu mpaka jasho likamtoka, akaishia kulitaja la mbwa, na mimi nikainuka nikalipiga teke beseni la mama la nguo mpaka likavuka ua. Nilisema maneno. Nilisema kwamba kama angekuwa ananipenda lingeshatoka. Yeye hakuweza kunijibu, na nilijua kwamba hawezi. Alifuta ardoise kwa mkono wa shati, akaiweka chini kwa uangalifu, uso chini.

Mama alikuja akaokota nguo. Hakunigombeza. "Chota maji mapya," alisema tu.

Tulirudi kwenye bahari bila kuambiana. Sikuligusa jina tena, na yeye hakulitafuta mbele yangu.

Katika wiki hizo kulitokea alasiri moja ya hofu. Watu waliingia mjini kwa barabara ya kaskazini na magodoro vichwani, pikipiki zikapandisha bei kabla hata hatujajua kuna nini, na milio ikasikika mbali, au radi, hakuna aliyekuwa na hakika. Mama alishafunga furushi. Mimi nilikuwa natafuta viatu vya baba. Yeye alikuwa kwenye kiti chake, kitabu kimefunguliwa kwenye pweza, ambaye siku iliyotangulia tulikuwa tumemwandika hivi:

*Akiogopa*
*amwaga wino,*
*anatoroka.*

Nikamwambia, Papa, tuvae viatu. Akaufuta mstari wa tatu. Akaugonga upya, polepole, akiniangalia niandike.

"A-na-ba-ki-a."

Anabakia. Niliandika, kwa sababu tayari mkono ulikuwa umezoea kumtii. Mama alisoma juu ya bega langu, akatazama furushi lake, akaketi juu yake. Tukabaki. Ilipofika jioni milio ilikuwa imekwisha na wenye magodoro walikuwa wakitafuta pa kupikia, na mama akawapelekea sufuria yetu kubwa. Sisemi kwamba tulifanya jambo la akili. Nasema tu kwamba mtu yule alikuwa amekimbia vya kutosha.

Siku ya mahari ilifika ikiwa na jua zuri na upepo wa kupeperusha vitambaa. Ng'ombe hawakuletwa, kwa sababu barabara haikuwa salama; walikuwa wameachwa kwa mfugaji upande wa Irumu, na wageni walileta fimbo, kila fimbo ng'ombe mmoja, zimefungwa kwa utepe. Wazee wa Butembo walikaa wamenyooka katika makoti yao. Mimi nilikuwa chumbani na mashangazi wawili, nimefunikwa kitambaa, pazia la mlango likiwa wazi kiasi cha upana wa mkono. Niliona bega la baba na kiti chake. Nilimwona baba mdogo amesimama nyuma yake kidogo, mikono mbele, kama alivyoahidi.

Fimbo zilitajwa. Maombi yalifanywa. Kisha mzee wa wageni akasema kwamba wamechoka kutazama ukuta, wangependa kuona walichokuja kuona, na watu wakacheka, na zamu ikawa ya baba.

Alisimama. Peke yake, kwa mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti, na hiyo pekee ilichukua muda. Akafika mlangoni. Kinywa kikafunguka. Nilijua umbo la kinywa chake vizuri kuliko mtu yeyote uani, na niliona kwamba jina langu halimo. Nililiombea. Nilisali kwa silabi. Ua ukaanza kukohoa, na niliona watu wawili watatu wakianza kuinamisha macho. Baba mdogo akasogea hatua moja. Nilimwona anavuta pumzi.

Baba akaanza kugonga. Mkono wa kushoto, kwenye paja, juu ya suruali yake ya harusi, na kila mtu alikuwa anaweza kuona.

"Samaki baba," alisema.

Mtu alicheka kidogo, akaacha. Baba hakumtazama.

"Alikubeba.

"Leo fungula."

Kuna ukurasa katika kitabu kile wa hippocampe, samaki mdogo mwenye kichwa cha farasi, ambaye dume ndiye hubeba mimba. Jike humwachia mayai, na baba huyatunza katika mfuko wa tumbo lake mpaka siku anapoufungua na watoto wakatoka kwenda zao majini. Sisi hatukuwahi kuandika juu yake. Mimi niliuruka ukurasa ule kwa aibu. Sikujua jinsi ya kumweleza mzee wa ng'ombe habari za mwanamume mwenye mimba. Lakini kitabu kilikaa naye asubuhi zote nilipokuwa shuleni, na picha zile hazihitaji Kifaransa.

Mistari mitatu ilikwisha. Shairi letu huishia hapo. Mkono wake ulisimama hewani, baba mdogo akafungua kinywa, na baba akagonga tena, mstari ambao hatukuwahi kuwa nao.

"To-ka, mu-to-to."

Shangazi alinishika kitambaa. "Ikala kwanza," alininong'oneza. "Hayaita jina."

Ni kweli, hakuwa ameliita. Kwa desturi yetu sikuwa nimeitwa, na binti asiyeitwa hatoki. Akitoka amejileta mwenyewe kama mbuzi. Nilimwachia shangazi kitambaa, nikatoka.

Baba aliponiona aliweka mkono wa kushoto begani kwangu, kwa uzito wote, kwa sababu alihitaji kushikilia. Mzee wa Butembo alitutazama, akamgeukia baba mdogo kwa adabu ya mgeni asiyetaka kukosea.

"Ile maneno," aliuliza, "njo mezali ya kwenu?"

Baba mdogo, mtu wa utaratibu, msemaji wa misiba na harusi, aliangalia wageni, akamwangalia kaka yake.

"Njo," alisema. "Ya kwetu. Ya bankambo."

Methali yetu, ya mababu. Hakupepesa hata jicho. Na kwa sababu yeye ndiye anayejua desturi, hakuna aliyebisha. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe alimwita binti yake kwa jina, halafu akaongeza, samaki baba alikubeba. Leo hii wako watu wa ukoo wetu, watu wa milimani ambao hawajawahi kulamba maji ya chumvi, wanaoapa kwamba babu zetu walisema hivyo mlangoni tangu zamani.

Nilikwenda Mongbwalu na mume wangu. Nilirudi Bunia kila barabara iliporuhusu, na kila mara tulitoa ardoise, tukagonga. Baba aliishi miaka mingine kadhaa. Alipata maneno mengi, hata ya kugombana. Jina langu hakulipata, hata siku alipokuwa anatuaga, akayataja majina yote ya waliokuwa chumbani na kunifikia mimi, akanitazama, akanigonga mkono kwa vidole vitano.

Watu huniuliza kama iliniuma. Iliniuma, na bado. Lakini jina langu aliniita nalo tangu kuzaliwa, miaka mingi, na dunia nzima hulitumia: mume wangu, wanafunzi, muuza makaa. Maneno yale ya mlangoni aliyatafuta yeye peke yake, asubuhi ngapi sijui, kwa mkono usio wa kuandikia, na aliyapata kwa ajili ya mtu mmoja.